Mwalimu na Katuni Zake za Kijapani

Ukiuliza habari za Mwalimu hapa Section 58, mtaa wetu wa Nakuru, watu watakuambia kwanza kwamba alikuwa mwanamke mkali, kisha watakuambia alikuwa mlokole, na mwisho watashusha sauti wakuambie alikuwa akitazama mambo ya mizimu. Yote matatu ni kweli. Mimi ni msusi. Nilimsuka kwa miaka mingi kabla hajahama, na kichwa cha mtu ukikishika kila Jumamosi utajua mengi ambayo jirani wa ukuta mmoja hayajui. Jina lake silitaji kwa sababu hata mchungaji wake hakulitaja. Alikuwa Mwalimu tu.

Alikuja baada ya chakula cha mchana, saa ambayo saluni imejaa na wateja wenye akili wanaikwepa. Akikaa kiti cha dirishani alivua kitambaa, akatoa flashi iliyofungwa kwenye kamba moja na funguo za nyumba, akanipa bila neno. Nikiichomeka kwenye runinga, tamthilia ya watu ilikatika pale ambapo mke mkubwa yuko karibu kugundua mimba ya mke mdogo. Hapo kelele zilianza.

"Aki Mwalimu! Si ungengoja iishe?"

"Haiishi hiyo. Nilianza kuitazama mwaka juzi na huyo mama bado yuko karibu kugundua."

Alichokuwa akituletea ni katuni. Si zile za watoto za paka na panya. Zilikuwa katuni fupi za kutisha kutoka Japani, za dakika chache tu, nyingine zikiisha kabla sijamaliza mstari mmoja wa nywele. Michoro yake ilikuwa ya kimaskini, kama watu waliokatwa kwenye karatasi wakasukumwa mezani. Mdomo ulifunguka, macho hayakupepesa. Maneno ya Kiingereza yalipita chini, naye Mwalimu alitusomea kwa Kiswahili kwa sauti ile ile aliyotumia kusoma imla darasani, kwa hivyo mzimu na mama wa duka walizungumza sawasawa. Nadhani hilo ndilo lililowatisha wateja kuliko katuni zenyewe.

Alifundisha Kiswahili katika sekondari moja upande wa Gilgil, na huko ndiko alikozipata. Wanafunzi walikamatwa na simu bwenini. Mwalimu akachukua simu akaenda nayo chumba cha walimu, maana alikuwa na msimamo kwamba hawezi kumwadhibu mtu kabla hajaiona dhambi yake. Alitarajia uchafu. Badala yake akakuta mtoto wa kuchorwa amesimama kwenye ngazi, amesimama tu, halafu ikaisha. Akaiona tena. Alirudisha simu, hakuadhibu mtu, akawaambia wavulana wale wamwekee nyingine kwenye flashi. Tangu siku hiyo kila kidato kilichoingia kilirithishwa kazi ya kumtafutia Mwalimu katuni, na wazazi hawakujua.

Kulikuwa na moja aliyoipenda kwa sababu ya kazi yake. Mwalimu wa darasa anaita majina ya wanafunzi. Anaita jina moja asilolijua, na mtoto asiyemjua anaitika, "Nipo." Anatazama darasa lote. Hakuna mtoto anayeshangaa. Anaendelea na jina linalofuata. Kesho yake anaita tena, mtoto anaitika tena, na mwalimu anaweka alama ya kuwa yupo. Basi. Jina la mwisho likiitwa, picha inakuwa nyeusi.

"Imeisha?" aliuliza msichana mmoja niliyekuwa nikimwosha.

"Imeisha."

"Sasa huyo mtoto ni nani?"

"Imeisha, nimekwambia."

"Lakini hajamfanyia mtu kitu!"

"Ndiyo maana huwezi kukaa vizuri hapo kwenye beseni," Mwalimu alisema. Na kweli, msichana alikataa kufumba macho nikimsuuza, povu likamwingia, akalia. Baada ya katuni za Mwalimu, wateja hawakutaka niwafunike uso kwa taulo. Nilikausha nywele za watu huku wamenitolea macho.

Mwalimu alikuwa na maelezo yake kuhusu kwa nini zinasumbua, na aliyatoa kidogo kidogo, Jumamosi hii neno moja, nyingine neno jingine, kwa yeyote aliyelalamika. Shemasi mmoja wa kike, mama mnene mwenye moyo mzuri, alisema hizo ni kazi za shetani. Mwalimu akamjibu kwamba shetani angekuwamo angalau wangejua pa kuanzia maombi.

"Mzimu wa kwetu una kesi," alisema. "Ulinyang'anywa shamba, uliuawa, haukuzikwa vizuri. Ukiulipa unaondoka. Zimu letu nalo lina njaa, likishiba linalala. Sasa huyu amesimama kwenye ngazi. Hana kesi na mtu. Utamlipa nini?"

"Jina la Yesu," shemasi alisema.

"Amina. Lakini yeye hajakataa jina la Yesu. Amesimama tu."

Siku nyingine alituambia tusikilize. Tukasikiliza. Feni inazunguka, wadudu wanalia nje, mtu anakata vitunguu. "Hakuna muziki," alisema. "Muziki ungewaambia wakati wa kuogopa. Hapa mmeachwa mjiamulie wenyewe." Na mara nyingi alirudia kwamba kinachotisha si kile kinachosogea, ila kile kinachopaswa kusogea kikakataa. Alikuwa akiyasema haya huku ananung'unika kwamba namvuta sana karibu na sikio.

Mimi mwenyewe hazikunitisha. Sijisifu, nasema ilivyo. Kiti cha msusi kinasikia talaka, kinasikia magonjwa, kinasikia mtoto wa nani amefukuzwa wapi, na ukikaa hapo miaka ya kutosha kitu fulani ndani kinakufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Nilipofiwa na mama yangu nilizika Alhamisi, Jumamosi nikafungua saluni. Mwalimu alikuwa wa kwanza kuingia. Hakunipa pole ndefu. Alikaa, akasema, "Leo suka pole pole, hatuna haraka," na siku hiyo flashi haikutoka mfukoni. Nilimpenda kwa ajili hiyo, na sikupata kumwambia.

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa na mdomo. Mhubiri wa mtaani aliyekuja na spika mbele ya saluni alitokewa na Mwalimu mwenye rangi ya nywele kichwani na shuka ya plastiki shingoni, akasahihishwa mahubiri yake yote, kuanzia aya ya Biblia hadi matamshi, mbele ya kondoo wake. Kanisani aliimba sauti ya pili na alikuwa na wivu na mwanamke yeyote aliyewekwa karibu na maikrofoni. Alisema wazi kwamba mizimu haipo, hakuna, ni upuuzi, na wakati huohuo akiona kinyonga kwenye ua aligeuka akarudi alikotoka. Alikuwa mkarimu wa chakula na bahili wa sabuni. Alichukia watu wanaolia hadharani.

Na mlango wake haukufunguka ovyo. Jua likianza kushuka alishafunga, na ukibisha hodi ulipaswa kujibu swali. Siku moja nilimpelekea githeri ya moto, mahindi na maharagwe. Nikabisha, nikasema ni mimi, Mama Ciku.

"Sauti ni ya Mama Ciku," alisema kutoka ndani. "Mama Ciku alinisuka mtindo gani Jumamosi?"

"Mwalimu, sufuria inaniunguza!"

"Mtindo gani?"

Nilimwambia mistari ya kwenda nyuma. Kitasa kikazunguka. Nilikasirika, nikamwambia hizo katuni zimemharibu akili, maana nilikumbuka ile ya kitu kinachobisha hodi kwa sauti ya mtu wako. Akacheka, akachukua githeri, akaniambia niingie. Nje watu walidhani mwanamke ambaye mume wake amepotea angeacha mlango wazi. Yeye aliufunga mapema kuliko sisi sote.

Naam, mume. Alikuwa dereva wa lori. Alikuwa akirudi Nakuru na shehena ya mahindi, akapaki Mai Mahiu mahali wanapopaki wote, akala ugali na matumbo kwenye kibanda, akalipa, akamwambia mama wa kibanda anaenda kunyoosha miguu. Hilo ndilo neno lake la mwisho kwa mtu yeyote. Lori lilikutwa limefungwa vizuri, mahindi yote yapo, termosi ya chai ipo, sweta lipo. Polisi waliandika. Wenzake walizunguka hospitali na vyumba vya maiti mpaka Narok. Hakuna damu, hakuna adui, hakuna mwanamke mwingine, ingawa huyo walimtafuta kwa bidii kuliko mume mwenyewe. Mwalimu alinihadithia mara moja tu, kwa sauti ya imla, akamaliza. Nami karibu nimuulize, "Imeisha?"

Mumewe alikuwa mtu wa upande wa Kakamega. Huko kwao mtu akipotea na mwili usipatikane, hawamwachi hewani. Wanakata mgomba, wanaufunga kwa blanketi na nguo yake, wanachimba kaburi, wanaulilia kama mtu, wanauzika ndani ya boma. Baada ya siku tatu waliofiwa wananyolewa nywele. Mambo yanakwisha, mke anajulikana ni mjane, na wadogo wanaendelea na maisha yao. Kwetu hatuna hiyo, kwa hivyo niliisikia mara ya kwanza pale saluni, siku shemeji yake alipokuja.

Alikuwa mdogo wake mume, mwanaume mpole mwenye kofia mkononi. Hakutaka kwenda kumwona nyumbani kwa sababu ya yale maswali ya mlangoni. Aliketi kwenye benchi katikati ya wanawake, akasubiri nimalize upande mmoja wa kichwa.

"Shemeji, mama amezeeka," alisema. "Anasema hawezi enda kabla hajaona kijana yake amelala kwa boma."

"Atalala nani? Mgomba?"

"Si unajua hiyo ni desturi yetu. Tunaweka mgomba, tunalia, tunanyolewa, inaisha. Saa hii hatujui tukuite nani. Wewe si mjane, wewe si nini. Na mimi nimeambiwa ningoje kujenga mpaka hii maneno ya kaka ikae sawa. Nimengoja, shemeji. Watoto wangu wamekuwa wakubwa kwa nyumba ya tope."

"Niiteni Mwalimu," alisema. "Hilo halina shida."

"Uko na roho ngumu, shemeji."

"Nisalimie mama."

Aliondoka bila kuvaa kofia. Nilimwonea huruma yeye kuliko nilivyomwonea Mwalimu, nasema ukweli. Mwalimu akanipa flashi, akataja katuni aliyoitaka, na hiyo ndiyo siku niliyoitazama kwa makini.

Ni ya babu anayetoka nyumbani kwenda kununua chakula cha jioni. Anachelewa. Familia inamngoja mezani, chakula kinapoa. Kisha anaingia, anavua viatu, anaketi mahali pake, anachukua vijiti na kuanza kula kwa mkono wa kushoto. Siku zote alikuwa akila kwa wa kulia. Mjukuu anamtazama mama yake, mama anatazama bakuli. Hakuna anayesema neno. Picha ya mwisho ni familia yote mezani, kimya, na mjukuu anahamisha vijiti vyake polepole kwenda mkono wa kushoto.

"Unadhani naogopa kwamba hatarudi," Mwalimu aliniambia. Sikuwa nimesema kitu. "Kila mtu ananipa mwisho wake. Mchungaji ananiambia atarudi, ana imani. Shemeji ananiambia amekufa, tuzike. Kila mmoja ana hakika, na hakuna aliyekuwepo. Hawa Wajapani ndio pekee wasionidanganya."

"Sasa unaogopa nini?"

"Naogopa arudi, kumbe si yeye, nimfungulie, nimpakulie chakula, na nisiseme kitu."

Nilijua anamaanisha nini, kwa kuwa miaka ile yote hakuna aliyemngoja mtu kama yeye, na mtu aliyechoka kungoja hupokea chochote. Mikono yangu iliendelea kusuka. Nikamuuliza kama mafuta yamekolea.

Aliyemvunja si shemeji, wala wazee. Mama mkwe mwenyewe alipiga simu. Alikuwa hajui kushika simu vizuri, akaisemesha upande usio wake, kwa hivyo Mwalimu alisikia kilio tu, kwa mbali, na kuku. Jumamosi iliyofuata alifika mapema, wa kwanza kabisa, na mfuko wa plastiki wenye koti la mume wake.

"Nifumue zote," alisema. "Naenda kuzika mgomba."

Nilimfumua. Nywele zilikuwa zimejaa mvi ambazo mistari ilizificha, na nilizichana pole pole kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilijua zinaenda kunyolewa na mkono mwingine. Nilimuuliza anajisikiaje. Akafikiri kweli, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la haki.

"Sisikii kitu, Mama Ciku. Nimejitafuta, sipo."

"Hata mimi huwa hivyo," nilimwambia.

"Najua. Ndiyo maana nasukwa hapa."

Alikaa huko Kakamega muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Shule alikuwa amestaafu karibuni, tukadhani atarudi Nakuru kabisa, lakini kila tukimpigia alisema bado kuna mambo ya nyumbani. Kisha Jumamosi moja, saluni ikiwa tupu ila mteja mmoja chini ya drayer, akaingia. Nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi, nyeupe, zinamkaa vizuri. Hakukuwa na cha kusuka. Akakaa kiti cha dirishani hata hivyo, nami nikachukua mafuta nikaanza kumsugua kichwa, tuwe tunafanya kitu.

Nilinyoosha mkono nipokee flashi.

"Acha hiyo tamthilia yao," alisema. "Huyo mama amegundua?"

"Bado."

Akaanza kuhadithia. Vijana waliotumwa kukata mgomba walikuwa watoto wa mjini, waliokuja mazishini kwa gari, hawajawahi kushika panga. Badala ya kuukata katikati, waliung'oa mzima, na shina lake la chini na mizizi. Wakaufunga vizuri kwenye blanketi, wakaufunika kwa koti, hakuna aliyeangalia chini. Waliochimba kaburi nao walichimba hadi magotini tu. Walisema si mtu, kwa nini tujiumize. Watu walilia, walikula, walinyolewa. Shemeji akaanza kukusanya matofali. Halafu mvua ikanyesha.

"Umeota," Mwalimu alisema.

Mteja chini ya drayer akainua kofia ya mashine. "Ati nini imeota?"

"Mume wangu," Mwalimu alisema. Mteja akacheka, kisha akaona sisi hatucheki, akashusha mashine.

"Ni kilimo tu," Mwalimu aliendelea. "Mgomba ukifukiwa na shina lake lazima uote, mtoto wa darasa la nne anajua. Niliwaambia. Wazee nusu wanasema ni dalili kwamba yuko hai mahali, tumemzika kwa makosa. Nusu wanasema ung'olewe leo. Shemeji ameacha matofali mvuani. Mchungaji alikuja, akaomba, akasema ni mgomba, akaondoka. Wote wakaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye mke. Nikiung'oa umeng'oka. Nikisema ubaki, unabaki."

"Na mama mkwe?"

"Anaumwagilia maji kila asubuhi. Hata mvua ikinyesha, anaumwagilia. Anauita kwa jina la mwanawe. Anaupa habari za ng'ombe, nani ameoa, nani amekufa. Anapoongea nao ana sauti ya mtu mwenye furaha, Mama Ciku. Sijawahi kumsikia na sauti hiyo."

Nilimuuliza ameamua nini. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, sikuuona uso wake, nilihisi tu ngozi ya kichwa ikijikaza chini ya vidole vyangu.

"Nilitoka ndani na panga," alisema. "Nililificha kwenye leso ili mama mkwe asilione. Nilikuwa nimeamua. Nikifika pale nitakata, nitachimba, nitatupa, liishe, shemeji ajenge nyumba. Nikamkuta amekaa na jagi lake. Akanishika mkono, akaniambia, njoo, mwanangu, njoo usalimie mzee wako."

Mafuta yalikuwa yamekwisha mkononi mwangu. Sikuchukua mengine.

"Ukafanya nini, Mwalimu?"

Alinijibu kwa sauti ile ile ya imla, bila kupandisha, bila kushusha.

"Nikauambia pole na safari."